Mbwa wa Yatta na Wasimulizi Wake

Msafiri anayetoka Thika kuelekea Garissa, kabla hajafika Matuu, huuona mlima umesimama peke yake upande wa kulia wa barabara. Wamaasai waliupa jina Ol Donyo Sabuk, Wakamba huuita Kyanzavi, na kwa Kiswahili ni Kilimambogo. Ubavuni mwake, kwenye njia ya kupanda kileleni, kuna makaburi ya Sir William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872 na kufariki 1925, ya mkewe Lady Lucie, na ya Louise Decker, mtumishi wao wa miaka mingi. Kaburi la nne ni la mbwa.

Upande huu wa Machakos sijui kumbukumbu nyingine ya mbwa iliyo wazi kama hiyo, nayo iliwekwa na wageni kwa desturi ya kwao. McMillan ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909. Kwa watu wa tabaka lake mbwa alikuwa mwenzi wa ndani ya nyumba, alipigwa picha na wageni, na akifa alizikwa karibu na wenyewe. Hakuna ubaya hapo. Ila kijana wa Matuu anayetaka leo kumsimulia mbwa wake mbele za watu hukuta lugha ya McMillan imeshaandaliwa, imechapwa na kupigwa picha kwa miaka mia moja, wakati lugha ya babu yake haikupata mchapaji.

Na babu huyo alikuwa na wanyama, tena wengi.

Kabla hapajawa na mji wa Matuu, uwanda wa Yatta, ambako mji huo upo, ulikuwa malisho. Ni uwanda wa ajabu kwa umbo: mtiririko wa lava uliopoa zamani, mwembamba, wenye urefu wa takriban kilomita 290, unaoanzia karibu na Kilimambogo na kushuka kusini-mashariki hadi Tsavo. Wakamba wa milimani walipeleka mifugo yao huku chini na kuweka syengo, yaani kambi za malisho mbali na boma. Vijana walikaa huko miezi na miezi, wao na ng'ombe na mbuzi na mbwa. Mchungaji hakuhitaji kitabu cha kumbukumbu. Alimjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa mpindo wa pembe na kwa ukoo: huyu ni ndama wa yule aliyekuja na mahari ya dada, yule ni wa mtu mwingine aliyewekeshwa tu. Mbwa alikula mabaki ya muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, alilala nje, na usiku ndiye aliyewahi kujua kama fisi yuko karibu. Alikwenda pia mawindoni pamoja na wanaume waliobeba pinde na mishale yenye sumu ya msunguti, kazi ambayo sheria za wanyamapori za kikoloni ziliigeuza kuwa kosa, na ambayo Kenya iliipiga marufuku kwa kila mtu mwaka 1977.

Masimulizi ya wanyama hao yalikuwa ya mdomo, na yalikuwa mahususi. Hakuna aliyesema habari za "ng'ombe" kwa jumla, kwa sababu hapakuwa na ng'ombe wa jumla.

Serikali ndiyo iliyoleta ng'ombe wa jumla. Miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa kweli: makorongo yalikuwa yakila mashamba, mvua zilikosekana, na wakulima wa kizungu walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya malisho ya zamani. Yatta yenyewe ilihesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme, na Wakamba waliruhusiwa kulisha huko kwa masharti tu. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ndefu juu ya mmomonyoko katika ardhi iliyotengewa Wakamba, na maafisa wakaafikiana kwamba dawa ni kupunguza mifugo. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa ikijenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada.

Kilichofuata kinajulikana na wengi kwa jina la Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani, karibu na mji wa Machakos. Wenzake katika chama cha Ukamba Members Association walikuwa Isaac Mwalonzi, Elijah Kavulu, Simon Kioko na wengine. Julai 28, 1938 maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, walianza safari ya kwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Wakapiga kambi mjini kwa wiki kadhaa. Wangeweza kupeleka malalamiko kupitia kwa machifu au kwa mkuu wa wilaya, kama ilivyokuwa kawaida. Hilo ndilo walilolikataa. Wale machifu walikuwa wamekwisha kusema kwa niaba yao, na ng'ombe walikuwa wakiendelea kwenda mnadani. Sasa walitaka Gavana asikie kutoka kwa wenye ng'ombe kwamba huyo anayeitwa mzigo kwa ardhi ni mahari ya mtu, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni maziwa ya mtoto.

Maafisa walishikilia kwamba maneno hayo si ya Wakamba wenyewe, kwamba wamechochewa na watu wa nje. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli wa juujuu. Isher Dass, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia. Jomo Kenyatta, aliyekuwa London, aliandika barua katika gazeti la Manchester Guardian kuwatetea. Barua za malalamiko na simu za maandishi kwenda Uingereza havikuwa vyombo vya Kikamba. Lakini mwenye kuazima kalamu hajaazima habari. Mwanasheria wa Nairobi angeweza kumsaidia mfugaji kupanga aya. Asingeweza kumwambia ni ndama yupi aliyekuja na mahari ya nani.

Gavana hakukubali kuonana nao Nairobi, ila mwishoni mwa Agosti alikwenda Machakos na kuhutubia baraza. Baadaye mwaka huohuo Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo uchukuaji wa ng'ombe kwa lazima ukasimamishwa. Nusu karne baadaye Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu, mwaka 1994, kilichoonyesha kwamba Machakos ilikuwa na watu wengi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya matuta, miti na jasho la wakulima wenyewe.

Leo Muindi Mbingu Street hupita kando ya City Market jijini Nairobi, na humo ndani wachinjaji wa nyama hukaa jirani na wauzaji wa vinyago. Sidhani aliyechagua mtaa alikuwa na mzaha, ila ingekuwa vigumu kupata mahali panapofaa zaidi. Vinyago hivyo navyo ni sehemu ya habari hii, maana hakuna Mkenya aliyewahi kusimulia wanyama kwa wateja wengi wa mbali kuliko mchongaji wa Kikamba.

Kazi hiyo ina chimbuko linalojulikana: Wamunyu, kusini mwa Matuu, ng'ambo ya mto Athi. Wakamba walikuwa wachongaji tangu zamani. Walitengeneza vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya nyembamba zilizogongelewa kwenye mti, pamoja na vijiko na vikebe vya ugoro. Vinyago vya kuuza vilikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Mutisya Munge wa Wamunyu alikuwa miongoni mwa maelfu ya Waafrika waliopelekwa kwenye kampeni ya Tanganyika, na huko, kama Wamunyu wanavyosimulia, aliona wachongaji wa pwani wakifanya kazi na kuuzia wageni. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine Wamakonde. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga na kuuza kwa Wazungu, na mwanzoni ujuzi ulibaki katika ukoo. Haukukaa sirini. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchumi Walter Elkan aliifanyia uchunguzi na kuuchapisha mwaka 1958. Mwaka 1963 wachongaji waliohamia Mombasa walianzisha ushirika wao Changamwe, na Wamunyu nayo ikawa na wake. Makadirio ya miaka ya 1990 yaliwaweka wachongaji wa Kenya kati ya 60,000 na 80,000, wengi wao Wakamba.

Ukisimama kwenye banda la wachongaji utaona jinsi mnyama anavyozaliwa. Mmoja hukata gogo na kutoa umbo la awali kwa tezo. Wa pili huingia na kisu, anatafuta sikio, kwato, mstari wa taya. Kisha kinyago huenda kwa wapigaji msasa, mara nyingi kina mama, na mwisho hupakwa rangi ya viatu ili mti uchukue mng'aro. Wako waliochonga twiga maisha yao yote na hawana haja ya kuchonga kitu kingine. Mkono unajua shingo ile bila kuuliza kichwa. Na hakuna jina chini ya kwato. Mteja wa Frankfurt au Chicago hununua twiga wa Kenya, hanunui twiga wa fulani.

Wanyama wenyewe ni wale wa mbugani: twiga, kifaru, tembo, simba, swala kwenye mpini wa kijiko cha saladi. Mbwa ni nadra. Paka vilevile. Mchongaji wa Wamunyu ambaye pengine hajawahi kumwona kifaru aliye hai amechonga vifaru elfu moja, huku mbwa aliyelala kwenye mabaki ya mbao miguuni pake hajachongwa hata mara moja. Sababu ni ya wazi, na haina aibu ndani yake: mtalii hakupanda ndege kuja kumtazama mbwa. Ada ya shule ililipwa na kifaru.

Kuna wanaotazama historia hiyo na kusema Wakamba walipoteza sauti yao siku Mutisya alipoiga Wazaramo. Hilo halina uzito. Kila fundi ameiga. Kilichobana ni kwamba baada ya muda mnunuzi ndiye aliyekuwa akichagua mnyama, na mwenzako akipata mtindo unaouzika, kesho banda zima linao. Hata mti ulichaguliwa hivyo. Wageni walipenda mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikaadimika, na ilibidi zije kampeni za miaka ya 1990 kuwashawishi wachongaji na wanunuzi wahamie mwarobaini na mwembe, miti inayokua nyuma ya nyumba. Mwarobaini ulikubalika. Ulikuwa pale muda wote.

Hadithi za wanyama zilipita njia tofauti kidogo. Mtaalamu wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alikaa Ukambani kabla ya vita vya 1914, akaandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, na miaka ya 1920 akatoa mkusanyiko wa ngano zao za wanyama. Kazi yake ni ya heshima na bado hutumika. Lakini aliyezisikia hadithi hizo akiwa mtoto ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ambaye jina lake mwenyewe kwa Kikamba ni fisi. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha hadithi kwa Kikamba, kabla ya kujulikana dunia nzima kwa vitabu vya dini na falsafa, na mwaka 1966 Oxford ikatoa Akamba Stories, aliyoikusanya na kuitafsiri. Mbiti alikusanya hadithi kwa mamia mengi kutoka kwa watu aliowaamkia kama mwana wao. Fisi wa Lindblom ni mhusika. Fisi wa Mbiti anajulikana kijijini.

Mbwa, hata hivyo, bado hakuwa na msimulizi wake. Msimulizi wa kwanza kumchukulia kwa uzito Machakos alikuja na daftari la daktari wa mifugo.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Katika nusu ya pili ya karne Machakos ikawa mojawapo ya wilaya ambamo ugonjwa huo haukomi. Miaka hiyohiyo Yatta ilikuwa ikibadilika. Wafungwa wa Mau Mau walichimbishwa mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya mto Thika kwenye uwanda mkavu, na kandokando yake zikaja nyanya, mishiri, pilipili, tikiti na mapapai. Penye tikiti pana mwizi, na pana tumbili. Mbwa wa syengo akapata kazi mpya ya kulinda shamba na duka, na Matuu ikakua kando ya barabara kuu ya Garissa.

Mwaka 1992 na 1993 kikundi cha watafiti kikiongozwa na Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi kilichagua kata ndogo sita za wilaya ya Machakos na kuwauliza watu habari za mbwa wao, nyumba kwa nyumba. Badala ya kungoja taarifa zifike ofisini, walitumia watu wa hukohuko waliojulikana na majirani kukusanya habari za kila mbwa aliyeugua na kila mtu aliyeng'atwa. Visa vya kichaa vilivyopatikana hivyo vilikuwa vingi mara nyingi kuliko vile vilivyokuwa kwenye vitabu vya serikali.

Na picha ya mbwa mwenyewe ikabadilika. Mabingwa wa mbali walikuwa wamezoea kuzungumza juu ya mbwa wa Afrika kama koko asiye na mwenyewe. Machakos mbwa walikuwa na wenyewe. Wastani wa asilimia 63 ya nyumba zilifuga mbwa. Wengi hawakufungwa kamwe, na ndiyo maana mgeni aliyepita barabarani aliwaona koko. Walikula mabaki ya chakula cha nyumbani. Nusu yao hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Mbwa dume alitazamiwa kuishi miaka 3.5 tangu kuzaliwa, na jike 2.4 tu. Waliochanjwa, miongoni mwa waliozidi miezi mitatu, walikuwa asilimia 29, ilhali ili kuzuia kichaa inatakiwa wafike 70.

Jedwali lile ni kavu, lakini kila mstari wake ulianza kama jibu la mtu aliyesimama mlangoni kwake: huyu tulimpata kwa shangazi, yule mwingine alikanyagwa na matatu, watoto wake wanne walikufa, amebaki mmoja. Ni usimulizi wa aina ya mchungaji wa syengo, na uliwafaa wataalamu kuliko makisio yao yote. Mbwa anayeishi miaka miwili na nusu hawezi kukingwa kwa chanjo ya mara moja katika miaka mitano. Kampeni lazima irudi kila mwaka, kwa sababu kila mwaka ni mbwa wengine.

Kwa hiyo anayemsimulia mbwa wake leo Matuu, kwa simu au kwa mdomo, ana vielelezo viwili mbele yake. Kipo cha kaburi la Kilimambogo, ambacho sasa kinakuja na nguo za mbwa, sherehe za siku ya kuzaliwa na maneno ya kumwita mtoto, na ndicho kinachosifiwa haraka na watu wasiojua Matuu iko wapi. Wako wanaokiishi kwa dhati na hawaigizi. Ila kwa wengi wa Yatta mbwa anaitwa Simba au Popi au Tiger, amejengewa kibanda cha mabati yaliyobaki, hufungwa mchana na kufunguliwa saa tatu usiku, hutolewa kupe na watoto Jumamosi, na kwenye geti kuna maandishi MBWA KALI hata kama mbwa mwenyewe hukimbilia kila mgeni akitikisa mkia. Hayo nayo ni maisha ya mnyama wa kufugwa, yana mapenzi yake na ukali wake, na hayajaandikwa hata nusu.

Kuna pia sababu ya kumsimulia mbwa jinsi alivyo isiyohusiana na uandishi. Mbwa aliyeshikwa na kichaa hubadilika tabia kabla ya yote: mpole huwa mkali, mkali hujificha, hawezi kumeza, mate humtoka, na sauti yake ya kubweka hugeuka. Anayeweza kugundua hilo ni yule aliyemjua mbwa huyo jana, na ambaye akimweleza afisa wa mifugo atamtaja mbwa mwenyewe na jinsi alivyokuwa. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Machakos ikawekwa katika kaunti tano za kuanzia, pamoja na Makueni, Kitui, Kisumu na Siaya. Siku za chanjo watoto ndio huwaleta mbwa wengi, wakiwavuta kwa kamba ya katani, na karani huuliza kila mmoja jina la mwenye mbwa, rangi, umri na jina la mbwa.

Majibu hutolewa papo hapo, na yakikosewa, mtoto wa jirani aliye nyuma kwenye foleni huyasahihisha.